Chumba cha Tarehe Kumi na Tatu

Jumamosi, 12 Julai

Narae amejipima tena sasa hivi. Kasimama kwenye mlango wa friji, kavaa soksi pea tatu, moja juu ya nyingine, nywele kazifunga juu kabisa kama kitunguu. "Mama, pima! Pima upesi kabla sijapungua!" Nimepima. Sentimita mia moja na nane na nusu, pamoja na soksi. Treni ya joka kwenye bustani ya michezo inataka mia moja na kumi. Nikamwambia tuna miezi miwili, kula mayai. Basi kafungua friji kutafuta yai. Tumetoka kula sasa hivi!

Kesho saa nne asubuhi bustani yenyewe, Byeolmaru, wanafungua vyumba vya katikati ya Septemba. Hoteli iko ndani ya bustani yenyewe — ukivuta pazia unaona mabembea. Wanafungua miezi miwili kamili kabla, na nchi nzima inabonyeza kwa pamoja. Dakika tatu, vimekwisha. Nimejizoeza kubonyeza kwa kidole gumba. Narae anasema cha shahada kina kasi zaidi.

Baba Narae anaondoka tarehe 19 Septemba. Brazili. Miaka miwili ya kuchomelea meli za watu. Akirudi Narae atakuwa na miaka saba. Mwezi uliopita nilimkuta anamwonyesha mwanasesere wake picha ya baba, anamwambia huyu ndiye baba, usimsahau. Nikaenda bafuni nikafungua bomba.

Nataka siku mbili tu. Mtoto amkumbuke baba yake akicheka, si akilala na ovaroli kwenye sofa. Basi. Sitaki kingine.

Na tambiko la kila mwaka la kumkumbuka marehemu baba mkwe nimelihesabu, sitaki makosa. Mwaka jana lilikuwa tarehe 25 Agosti. Linafuata kalenda ya mwezi wa angani, nayo hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka — hilo najua hata mimi niliyeacha sekondari katikati. Kwa hiyo mwaka huu ni tarehe 14 Agosti au hapo karibu. Septemba ni yetu. Nikamuuliza na Baba Narae. Akasema, macho kwenye simu, ndiyo, Agosti, si huwa Agosti.

Jumapili, 13 Julai

NIMEPATA!!!

Nilijifungia stoo ya duka ninakofanya kazi, katikati ya madebe ya kimchi, kabichi yetu ya pilipili. Saa nne kamili. Bonyeza. Skrini ikawa nyeupe. Nikasema Mungu wangu. Halafu — imekubali! Tarehe 13 na 14 Septemba, Jumamosi na Jumapili, vitanda viwili, upande wa mabembea.

Bi Oh mwenye duka akagonga mlango: "We Dan-bi, unajifungua humo ndani?" Nikatoka nacheza. Akanitazama, akacheka mpaka akashika meza. Akasema yeye ameuza mboga za kuchemsha miaka thelathini kulipia wenzake waende mabembea, walau nimletee picha.

Nimemwambia Narae. Hakupiga kelele. Alikaa chini, kisha akauliza: baba naye ana kitanda?

Anacho, mwanangu.

Jumatatu, 28 Julai

Joto. Nimechoka. Nimebandika ramani ya bustani ukutani. Narae ameweka alama ya kalamu nyekundu kila mahali anapotaka kwenda na baba. Hakuna mahali pasipo na alama. Hata choo.

Baba Narae kaitazama ramani akasema, dah, nitatembea mpaka miguu ing'oke. Lakini alikuwa anatabasamu. Niliona.

Jumatatu, 11 Agosti

Sina nguvu ya kuandika. Lakini nisipoandika nitapasuka.

Nilimpigia mama mkwe asubuhi. Nilitaka anione mkwe mwema. Nikamwuliza, mama, samaki wa tambiko ninunue huku Geoje au utanunua mwenyewe huko Goseong, maana naona zimebaki siku tatu tu.

Akacheka.

"Siku tatu? Siku tatu za nini, mtoto we?"

Nikasema za tambiko la baba.

"Mwaka huu mwezi wa sita umekuja mara mbili. Hukuona? Mwezi wa nyongeza! Kalenda ya mwezi ikibaki nyuma sana, inaongezewa mwezi mzima ili ilifikie jua. Mbona kila mtu anajua! Kalenda yako haina maandishi madogo? Au huko shuleni kwenu hamkufika kwenye maandishi madogo?"

Kalenda yetu ya jikoni ni ya duka la dawa. Ina picha za watoto wachanga. Haina tarehe za mwezi wa angani. Nikauliza, basi ni lini, mama. Nilikuwa nimeshajua.

Tarehe 13 Septemba. Jumamosi.

Badala ya kurudi nyuma limesogea mbele. Limekuja kukaa juu ya chumba changu, sawasawa, kama kifuniko na sufuria yake.

Nikasema sawa, mama. Nikakata simu. Kila mwaka mimi ndiye ninayepika, mke wa mwana pekee wa kiume. Namkaangia samaki mtu ambaye alikufa kabla sijafika nyumba hii. Sijawahi kulalamika. Mwaka mmoja tu nimehesabu vibaya, na ni mwaka huu!

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia Baba Narae. Nikamkumbusha, si ulisema Agosti? Akasema, nilikuwa sijafikiria.

Akasema atazungumza na mama yake. Tambiko lisogezwe, au walifanye Ijumaa, au binamu zake wasimamie mara moja tu. Siku hizi wengi wanafanya hivyo, hata msimamizi wake kazini. Akasema, niachie mimi.

Nimemwachia.

Jumapili, 17 Agosti

Bado hajazungumza. Anatafuta wakati mzuri.

Kila saa nne asubuhi naingia kutafuta tarehe nyingine. Tarehe 6 na 7 wamejaa, na hata wangekuwa hawajajaa, yeye ana mafunzo Ulsan. Tarehe 20 atakuwa angani. Nimepiga simu. Binti wa hotelini ana sauti tamu mno, ananiomba radhi kama vile yeye ndiye aliyeleta mwezi wa nyongeza.

Jumatatu, 25 Agosti

Bado.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo ndiyo siku ya kufyeka majani kaburini kwa baba mkwe kabla ya sikukuu ya mavuno. Tulikwenda Goseong. Wanaume walipanda mlimani na mashine, sisi tukabaki kukata tikiti maji. Wifi yangu Mi-ryeong alikuwepo na wanawe wawili. Yeye hakati kitu. Ameolewa, kwenye nyumba ya mama yake ni mgeni. Alikaa kwenye feni akitazama kucha zake.

Walipoteremka, Baba Narae akakaa upande wa mama yake. Nikamtazama. Akaniinamishia kichwa kidogo, kwamba ndiyo, sasa. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama ndoo inayoteremka ngazi.

Akasema: "Mama, Mama Narae alipanga safari tarehe kumi na tatu."

Mama Narae alipanga! Mimi! Peke yangu!

Mama mkwe hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. Akaweka kipande chake cha tikiti chini, akafuta mikono, akamwambia mwanawe hivi: "Unakwenda miaka miwili. Hili ndilo tambiko la mwisho utakalommiminia baba yako pombe kwa mkono wako. Mwakani nitammiminia mimi, mwanamke mzee, na majirani watanitazama. Nimekuomba kitu gani kingine mimi?"

Akatokwa na machozi. Ya kweli. Nami, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na tikiti mdomoni.

Baba Narae akasema: "Hapana, mama. Nitakuwepo."

Ndivyo alivyozungumza. Wiki tatu za kutafuta wakati mzuri, na maneno yenyewe ndiyo hayo.

Nikadhani imekwisha. Nikasema basi, nitafuta chumba. Lakini wifi akageuka kutoka kwenye feni: "Ufute kwa nini? Chumba cha upande wa mabembea? Watu wanalilia hivyo! Mimi nitawapeleka watoto. Wanangu wawili na Narae. Mtoto asikose kwa sababu ya mambo ya wakubwa."

Na mama mkwe akasema hilo ni wazo la mtu mwenye akili. Mtoto anataka mabembea, akasema, mtoto hataki mama. Wewe utabaki hapa kukaanga, mkwe wangu, na chumba hakitapotea.

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Hata mume wa wifi, ambaye alikuwa hajui tunazungumza nini.

Nilitafuta neno la kusema. Kwamba mabembea si kitu. Kwamba mabembea yapo hata pale nyuma ya stendi. Nilitaka kuwaambia safari ni ya baba yake! Ukimtoa baba inabaki nini? Joka la plastiki. Lakini mimi mbele ya watu wa nyumba ile maneno hunikauka. Nikasema: nani anataka tikiti zaidi.

Jumapili, 31 Agosti

Hatusemeshani. Yaani mimi simsemeshi. Yeye ananiuliza chaja iko wapi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemwambia Narae kwamba atakwenda na shangazi. Nilipiga magoti ili tuwe sawa. Akauliza, na wewe? Nikasema nina kazi ya babu. Akauliza, na baba? Nikasema baba pia ana kazi ya babu. Akafikiri sana. Akasema: "Lakini babu amekufa. Baba bado."

Akaenda kucheza. Mimi nikabaki sakafuni.

Jumanne, 9 Septemba

Wifi kapiga simu. Amegundua kwamba hoteli haitoi ufunguo ila kwa mtu aliyeandikisha, na kitambulisho chake mkononi. Nipige simu nibadilishe jina, niweke lake. "Dakika mbili tu, wifi yangu, usisahau, nakujua wewe na tarehe zako." Akacheka. Akauliza kama kifungua kinywa kimo. Akauliza kama naweza kuongeza kitanda cha tatu kwa ajili ya mume wake.

Nimesema nitapiga.

Bi Oh alinisikia. Alikuwa anakoroga figili. Akasema: "Dan-bi, mimi nilikaangia wafu wa mume wangu miaka ishirini na sita. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia chumvi imezidi." Nikacheka mpaka nikalia. Akanipa kitambaa cha kufutia meza. Chenye pilipili! Tukacheka tena.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijapiga.

Nilishika simu mara nne. Yule binti mwenye sauti tamu angesema ndiyo, mama, tumebadilisha, na ingekwisha. Sijui nangoja nini. Si kwamba nina mpango. Mimi si mtu wa mipango mikali. Ila kila nikitaka kubonyeza, kidole hakitaki.

Nimempikia Baba Narae kitoweo cha mkia wa ng'ombe. Amekula bakuli mbili. Akaniambia samahani, taratibu, akitazama bakuli. Nikamwuliza samahani ya nini, itaje. Hakuitaja. Akaosha vyombo, vyote, hata sufuria. Mume wangu si mtu mbaya. Hilo ndilo linalochosha.

Ijumaa, 12 Septemba

Goseong tangu mchana. Nimemenya viazi vya mchuzi, nimeloweka uyoga, nimepanga zukini. Samaki wanne wakubwa wananitazama. Mama mkwe amenionyesha jinsi ya kukata jujube, yale matunda kama tende, kama kila mwaka, kama vile sijawahi kukata. Halafu akanipangusa unga shavuni kwa kidole chake. Akasema nimekonda, na kwamba baada ya mwanawe kuondoka nihamie hapa na mtoto, nyumba ni kubwa na yuko peke yake.

Nikaendelea kukata jujube. Anaogopa upweke kama mimi. Lakini mimi bado nina mtu kwa siku saba zaidi, na mbili kati ya hizo ndizo nilizozipigania.

Wifi kauliza kwa ujumbe: umebadilisha? Sikujibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa mbili asubuhi. Nimejibanza chumba cha nyuma, daftari liko juu ya gunia la mchele. Samaki wanachuruzika mafuta.

Wifi amefika na gari. Narae ameshapanda, ameshafunga mkanda. Nywele nimemfunga mwenyewe. Anafurahi! Amenipungia mkono kidogo tu, kama mtu anayekwenda dukani. Nimesimama pale na mwiko mkononi, nikafurahi pia, halafu nikaona Baba Narae amesimama kwenye mlango wa gari, hajaufunga. Ameushika tu. Narae anamwambia kitu, naye ameinama anasikiliza, na shingo yake kwa nyuma imekuwa nyekundu.

Nikampita wifi nikamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, sikubadilisha jina.

Akasema, "Nini?"

Nikarudia. Sikubadilisha. Chumba bado ni changu na kitambulisho kiko mfukoni mwangu.

Halafu nikaingia ndani.

Sasa kuna kelele uani. Wifi anasema nimefanya makusudi, nimemwonea wivu mtoto wangu mwenyewe. Mama mkwe anasema mwambie mkeo apige simu hotelini sasa hivi, apige mbele yangu! Wanawe wa wifi wanapiga honi. Na Baba Narae — kimya. Kama kawaida, kimya.

Hapana. Anasema kitu. Anasema, mama, tambiko ni saa moja jioni. Mama, nisikilize. Sijawahi kumsikia anasema nisikilize. Anasema wangemimina pombe mapema, asubuhi hii, kisha waondoke, samaki si wameiva — sauti ya mama mkwe imepanda juu ya yake, sisikii mwisho. Mlango wa gari umegongwa. Sijui umefungwa au umefunguliwa.

"Dan-bi!"

Ni yeye. Tangu Narae azaliwe hajaniita hivyo, ni Mama Narae tu. Sauti yake siijui, si ya hasira, si ya kubembeleza. Labda ananiita nipige simu hotelini. Labda

"Dan-bi! Njoo!"

Nakuja, nimesema. Aproni nimeshaivua, nimeiweka juu ya gunia.