Alama ya Ndala Chini ya Karai

Shemeji Manmaya,

Sweta imefika, asante. Sisi huku kambi ya watalii ni mgongo tu unaosumbua. Kila jioni nasawazisha mchanga wa njia ya msituni, ili asubuhi wageni wazione nyayo mpya za chui milia na kuzipiga picha.

Umeuliza mara mbili kama Kaka Narbir atakuja kwa sikukuu ya Dasain. Mara mbili nimekujibu habari za hali ya hewa. Shemeji, mumeo alichukuliwa na chui milia akikata nyasi za kulisha tembo wanaobeba wageni. Tulipata mundu wake tu.

Njiani ilibaki alama ya ndala yake, ile uliyoifunga kwa waya. Sikuweza kuifuta. Nikaifunika kwa karai.

Msimamizi wa kambi akanicheka: "Wee Purne, umeatamisha kuku hapo?"

"Nimemfunika kaka, bwana."

Akaokota jiwe, akaliweka juu ya karai lisipeperuke.

Sasa mvua zimeanza, wageni hawaji, nasi tunarudi milimani. Mundu nitakuletea. Jana niliinua karai ili niiage ile alama. Maji yalikuwa yamepita chini yake, mchanga umebaki mtupu.

Ni mimi, mdogo wa mumeo,
Purne