Dawa Bado Ni ya Panya

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kibarazani unaota jua, si kitandani. Umelalaje? Uji unapita? Najua atakayekusomea ni Doto, maana miwani yako utakuwa umeikalia tena. Doto, pacha wangu, nakuomba usiruke hata mstari mmoja. Mambo ya kurukaruka tumeshayaacha.

Mimi mzima. Baridi ya huku Ujerumani imeanza kulegea, ila bado natoka nyumbani nimejifunga mitandio mpaka naonekana macho tu. Nimepata duka linalouza dagaa, nikafurahi kama mtoto, kumbe dagaa wenyewe hawana ladha yoyote. Nimewala hivyo hivyo kwa ugali, huku nikiwasema.

Mama, tangu tulipoongea Jumapili ile nacheka na kulia kwa pamoja. Sisi wanao na ndugu zako tulipatana kwamba usiambiwe ugonjwa wako. Tukasema ni vidonda vya tumbo. Macho yalipogeuka manjano, ukavushwa kwa kivuko kwenda Mwanza kuwekewa mrija wa kupitisha nyongo, tukasema vidonda vimesogea. Tukajiona tumekuficha vizuri sana. Halafu mjomba akaja kutoka Sengerema anavuta mbuzi jike. Halafu shangazi wa Magu, ambaye hajakanyaga kwako tangu ule ugomvi wenu wa shamba la mpunga, akashuka na gunia la mchele, akapiga magoti kukuomba msamaha.

Ndipo ukachukua simu ya Doto ukanipigia. "Kulwa, nimekaanga samaki hapa Kamanga miaka na miaka, sijaona mtu wa vidonda vya tumbo analetewa mbuzi. Wifi yangu kanipigia magoti! Yule! Niambie naumwa nini, mwanawane, kabla hawajaniletea ng'ombe."

Nikakuambia. Kansa ya kongosho. Honi ya kivuko ikalia nyuma yako. Kisha ukasema, "Si ndiyo hiyo unayohangaika nayo huko kazini?" Nikasema ndiyo, Mama, ndiyo hiyo hiyo. "Basi wabeja kwa kuniambia. Sasa namjua ninayegombana naye."

Wewe ndiye uliyeshukuru! Mimi nilikuwa najua mjomba atanikasirikia, na kweli amenikasirikia, hapokei simu yangu mpaka leo. Lakini ule wabeja wako umenishikilia tangu siku hiyo. Umenitua mzigo, nami nakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Kabla ya kukata simu uliniuliza jambo, nikakuambia nitakujibu kwa barua. Ulisema, "Hiyo dawa yenu, huwezi kuniletea hata kichupa kimoja? Kitie kwenye soksi." Ukacheka. Najua hukuwa unatania.

Unajua magugumaji yanavyojaa pale gatini. Kivuko kinazunguka huko nje, abiria unawaona kabisa, hata unawatambua kwa majina, lakini hakuna anayeshuka. Mwili nao una askari wake wa kupambana na maradhi. Zipo dawa za kuwaamsha askari hao, na kwa baadhi ya kansa nyingine zimewasaidia watu. Hii ya kongosho hujizungushia ukuta mgumu, ikawatuliza askari wakabaki nje wanatazama. Kazi yetu ni kutengeneza vibebeo vidogo mno, vidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuviona hata ukivimwaga mezani. Tunavipakia dawa ili vipenye mle ndani, vilegeze ule ukuta na kuwaita askari waingie.

Wiki hii niliweka chini ya hadubini kipande cha uvimbe wa panya. Askari huwa tunawatia rangi ya kijani ili waonekane. Siku zote nimewakuta wamejipanga pembeni. Safari hii walikuwa ndani, Mama, katikati kabisa. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikaenda kusimama dirishani.

Mkuu wetu wa maabara, mama wa makamo, mkali kwelikweli, akanifuata akauliza nina nini. Nikamweleza habari zako, na za mbuzi nikamweleza. Hakunipa pole ndefu. Akauliza, "Anakula?" Nikasema uji, na mchuzi kidogo. Akasema, "Nenda ukakae naye. Panya nitawaangalia mimi." Nilimpenda mama yule siku hiyo. Kwa jinsi alivyouliza, ungedhani kazaliwa kwetu.

Jioni yake nilifungua jokofu nikakishika kichupa. Ni kidogo, kwenye soksi kingeenea kweli. Nikakirudisha. Baadhi ya panya wale ini liliumia, na hatujajua sababu. Kipimo cha mtu hatukijui. Wewe si panya, Mama. Itabidi dawa ipimwe hatua kwa hatua kabla ya kumfikia mgonjwa, na hilo huchukua miaka. Sitakudanganya tena: huenda isikuwahi. Imeniuma kuandika hivyo, lakini ulitaka ukweli, na wewe ndiye mwenye mwili.

Kwa sasa dawa yako ni ile unayopewa Mwanza. Usikose kliniki, hata siku unayojisikia nafuu. Nawashukuru wale wauguzi wanaokuita bibi harusi ili ucheke. Doto, wewe unayevuka naye kila mara na ndoo ya kutapikia mkononi, sijui nianzie wapi kukushukuru. Mimi nasifiwa huku kwa kuvaa koti jeupe, kazi unaifanya wewe.

Barua hii ameibeba mwenzetu anayerudi Sengerema. Mimi namfuata nikishakabidhi kazi. Kichupa sina. Naleta miwani mpya, na kamba ya kuivaa shingoni usiikalie.

Wasalimie wenzako wa gatini wanaokulindia meza yako ya samaki. Shangazi wa Magu mwambie nampigia magoti na mimi, na mchele asiumalize. Mwambie pia kwamba ukipona hata kidogo ugomvi wa shamba unaweza kuendelea, ruhusa ipo.

Na mjomba mpe shikamoo yangu, ingawa amenuna. Yule mbuzi wake msimchinje kwa ajili yangu wala ya mtu yeyote. Doto kaniambia ana mimba. Mwacheni azae, Mama. Nataka tukae wote kibarazani, umevaa miwani yako, umtazame mtoto wake akijifunza kusimama.

Mwanao akupendaye,
Kulwa