Ukuta wa Mwaka Arobaini na Tano

Nyumba za Walimu, Chumba Na. 6
14 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo dada. Hamjambo wewe na shemeji? Na lile goti lako, limekubali kupanda ngazi za huko? Sisi wazima. Mama anakula vizuri na bado anagombana na redio.

Dada, roho inaniuma na sina wa kumwambia ila wewe. Tumeletewa mwalimu mwingine wa historia. Wanafunzi wanamwita Ramani, maana anachora dunia nzima ubaoni bila kutazama kitabu. Akicheka, darasa zima linacheka. Nikiingia mimi, wanapiga miayo. Miaka kumi na tisa nimefundisha hapa! Kisha mkuu wa shule akampa kidato cha nne, darasa langu, katikati ya mada ya Vita Baridi.

Namwonea kijicho, nakiri.

Nilipopewa mtihani wao nisahihishe, nilishika kalamu nyekundu kwa furaha. Wamevurunda kweli. Mmoja kaandika Marekani na Urusi walipendana kama mapacha, Vita Vikuu vya Pili vikaisha, kesho yake wakaamka maadui. Kumbe walitiliana shaka tangu zamani, ila adui wao alikuwa mmoja. Mwingine kawapiganisha wao kwa wao kwa mizinga. Na thelathini na mmoja wameandika Ukuta wa Berlin ulijengwa 1945. Ulijengwa 1961, dada!

Nikaenda mbio kwa mkuu, nikamwambia huyu anachora tu, hafundishi. Kaitisha kikao Jumatatu. Ramani huenda akahamishwa.

Jana nikaazima daftari la mwanafunzi, liwe ushahidi. Ukuta nikaukuta kwenye kurasa za nyuma, za siku zangu mimi. Ni notisi zangu neno kwa neno, zile ninazonakili ubaoni kila mwaka bila kuzisoma: "1945: vita vyaisha, Ujerumani yagawanywa, Ukuta wa Berlin." Mstari mmoja, kwa kubana nafasi.

Nikamfuata Ramani ofisini, nikamwonyesha mstari ule. Aliinamisha kichwa. "Niliona tangu wiki ya kwanza, mwalimu. Nisingeweza kukusahihisha mbele ya watoto."

Jumatatu nitasimama niseme kosa ni langu, na darasa abaki nalo. Lakini usidhani kijicho kimepungua. Kumchukia kwa ramani zake niliweza. Sasa kanizidi na uungwana, na hapo sina pa kumshika.

Nisalimie shemeji na wale mapacha. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Mdogo wako akupendaye, mwenye roho ndogo wiki hii,
Mwalimu