Chemchemi Chini ya Gitega

Gitega, Kigali
Jumatatu, 12 Desemba 1994

Mdogo wangu mpendwa Winifred,

Shikamoo uliyoniandikia mwezi uliopita ilinifikia, nami naiitikia: marahaba, tena kwa furaha. Mguu wako unaendeleaje? Na kahawa, mmekwisha kuianika, au mvua bado inawakimbiza nayo ndani na nje? Nilisikitika kusoma kwamba sasa mnatembea nusu siku kutafuta kuni, kwa jinsi wakimbizi walivyojaa huko Karagwe. Mimi ni mzima. Chumba nilichopewa na parokia hakivuji ila pembeni mwa mlango, na nimepata miwani ya kusomea, ingawa ilitengenezewa uso mwembamba kuliko wangu.

Barua hii anakuletea Muhire, anayevuka mpaka wa Rusumo na lori la chumvi. Mpe chakula kabla hujaifungua, maana ukianza kuisoma utamsahau.

Nina habari kubwa. Tangu Ijumaa hadi jana vijana wa parokia walikuwa na mafungo hapa Gitega, katika ukumbi ambao madirisha yake bado ni ya plastiki. Wako ishirini na sita. Padri aliwaita ili wazoeane, maana kila Jumapili walikaa kama abiria wa mabasi tofauti: waliokulia Bujumbura karibu na mlango, waliotoka Uganda dirishani, wetu wa Tanzania mbele, na nyuma kabisa wale wachache ambao hawakuwahi kuondoka, waliobaki hai baada ya mauaji ya Aprili. Hao hawasemi sana. Mmoja wao ni Kaliza, binti wa miaka kumi na minane, mzaliwa wa Gitega hii hii. Katika nyumba yao amebaki peke yake.

Kiongozi wa vijana ni Alida. Unamkumbuka, yule mwanafunzi wangu wa makazi ya wakimbizi aliyekuja kwenu kuazima sindano ya cherehani akaondoka na kuku. Ijumaa jioni alisimama akasema ameandaa mashindano, kisha akatoa daftari lake la darasa la nne. Ndani yake ilikuwamo ramani yangu ya Kigali, ile niliyoichora ubaoni kila mwaka ili watoto waliozaliwa ugenini waujue mji wao. Alieleza kwamba atawachanganya katika makundi matatu, kila kundi lifuate ramani ya Mwalimu hadi sehemu tano, na litakalotangulia kurudi na dumu la maji ya sehemu ya tano litapata mpira mpya. Sehemu ya tano ilikuwa chemchemi. Unaijua, nimekusimulia mara ngapi: hatua mia mbili chini ya Gitega, jiwe bapa kama kiti, maji baridi yanayouma meno.

Walinipigia makofi. Ningeweza kusema neno pale pale. Badala yake nikarekebisha miwani.

Jumamosi asubuhi waliondoka, kila kundi na madumu manne, nami nikawafuata polepole na fimbo yangu. Onyo la padri lilikuwa moja: mtu asikanyage majani, apite njia inayopitwa na watu, kwa sababu mabomu ya kutegwa hayajaondolewa yote. Sehemu nne za kwanza zilipatikana bila shida: kanisa, soko, posta, na gereza, ambalo walilipita kimya. Kwingineko niliwasikia kwa mbali. Audace, kijana wa Bujumbura ambaye mdomo wake haujui likizo, aliwatania wa Uganda kwamba hata mbuzi wanamwuliza njia kwa Kiingereza. Wakamjibu kwamba mbuzi angalau humwacha mtu amalize swali. Kusema kweli nilianza kutembea kwa maringo. Nilijiambia kwamba chemchemi hawataiona, watachoka, watateka maji popote, na hakuna atakayejua.

Nilipowafikia chini ya Gitega, makundi yote matatu yalikuwa yamesimama mahali pamoja na hakuna aliyekuwa anacheka. Mbele yao palikuwa na shamba lililoachwa, majani yakifika kiunoni. Ramani ilisema wapite hapo. Kaliza alikuwa amesimama ukingoni mwa majani, mikono ameitandaza, akiwaambia kwamba hapakuwahi kuwa na chemchemi pale.

Audace akamwambia, "Muzee alikunywa maji hayo kabla mama yako hajaolewa. Wewe ni nani wa kumsahihisha?"

Kaliza alijibu bila kupaza sauti. Alisema mama yake ndiye aliyekuwa akimtuma maji kila siku tangu akiwa na miaka sita, na kama kungekuwa na chemchemi karibu hivyo asingemtuma bombani kule bondeni. Mtu mwingine akanong'ona kwamba labda watu wa kwao walikuwa wavivu wa kutafuta. Kaliza akaweka dumu lake chini. Akasema basi waendelee na ramani yao, ila yeye katika kikundi hiki harudi tena. Akaondoka ukingoni. Naye Audace, kwa kuonyesha ushujaa, akaanza kukunja suruali.

Winifred, niliona goti lake likiinuka.

Nilipiga kelele kwa sauti ya darasani, ile niliyodhani nimeiacha Karagwe. Nilimwambia arudishe mguu. Nikawaambia wote kwamba Kaliza amesema kweli, chemchemi haipo. Kwamba ramani ni yangu, na mimi sikuwahi kuishi Kigali hata siku moja, wala kuiona, hadi Agosti mwaka huu. Sehemu nne nilizitoa katika vitabu na magazeti ya misheni. Ya tano niliitoa kwetu, Gisaka, mbali huko mashariki, kwenye kilima cha baba aliyenizaa.

Audace alirudisha mguu taratibu. Alida alilitazama daftari lake. Nilidhani atalia, kumbe aliniuliza kama na mto Nile niliwachorea kwa kubuni. Nikamwambia Nile iko salama. Mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, na mimi niliyekuwa nasubiri kuzomewa nikajikuta nafuta miwani.

Kaliza hakucheka, lakini alirudi. Alichukua daftari, akaomba kalamu ya risasi, akaifuta chemchemi, akachora njia ya bombani na kusema wamfuate. Audace akabeba dumu la Kaliza bila neno, na kwa Audace huko ni kuomba radhi kwa hotuba ndefu.

Na bomba lilikuwa linatoa maji! Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliuliza ni harusi ya nani. Audace akajibu ni ya kwake, bado bibi harusi tu, wakacheka wakawapisha. Mlima ule ni mkali. Kaliza akawapanga mmoja mmoja kutoka bombani hadi ukumbini, na madumu kumi na mawili yakapanda mkono kwa mkono. Nilisimama katikati ya mstari. Kushoto kwangu alikuwa kijana wa Kampala, kulia msichana wa hapa ambaye sikuwa nimewahi kumsikia sauti, naye alikuwa akiimba. Maharage yaliiva saa kumi, na tulikula tumekaa ovyo, hakuna basi la nani wala la nani.

Jana baada ya misa walimpa Kaliza mpira kwa kura zote. Kisha yeye akatangaza kwamba baada ya Pasaka kikundi kizima kitakwenda Gisaka kuifyekea njia chemchemi ya Mwalimu, mradi kwanza tuhakikishiwe pako salama. Hakuniuliza. Sijapata kushindwa kwa furaha namna hii.

Sasa pokea lililo lako peke yako. Mwaka 1961, nilipokimbilia kwenu na matope ya mto Kagera hadi kifuani, baba yako, ambaye tangu siku ile amekuwa Baba yangu pia, aliniuliza natoka wapi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kilima changu hakimo katika atlasi yoyote. Niliona haya, nikasema Kigali. Yangeishia hapo, lakini wewe, mtoto wa miaka minane, ulitoka nyuma ya mlango na kikombe cha maji, ukauliza maji ya Kigali yana ladha gani. Nikakupa chemchemi yetu, kwa kuwa sikuwa na nyingine. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemchorea ile ramani, kwa mkaa, ukutani jikoni. Baba akaniita Mwana wa Kigali hadi tulipomzika, na hivyo ndivyo nilivyotia sahihi barua zangu zote. Nisamehe, mdogo wangu. Na ukipalilia kaburi la Baba, mwambie kwa sauti.

Njoo baada ya Pasaka, mguu ukikuruhusu. Jiwe lile linakaliwa na watu wawili. Wasalimie watoto, shemeji, na jirani mwenye redio. Mungu awalinde, na mvua iwaachie jua la kutosha kwa kahawa.

Kaka yako akupendaye,

Rutayisire, mwana wa Gisaka