Zizi Langu la Matofali

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kuzungumza nawe bila hiyo, hata nikiwa na hasira. Na hasira ninayo.

Unakumbuka siku za kuhamisha zizi hapa Kishapu? Watoto saba tunaburuta matawi ya miiba, tunachomwa, tunacheka. Wewe unapima kwa hatua, arobaini kwa thelathini. Pale lilipotoka zizi la zamani, Mama alipanda mahindi na maboga. Mwaka mmoja nilihesabu maboga kumi na moja kwenye shina moja. Ng'ambo ya njia, udongo uleule, mtama uliishia kiunoni kwangu, na kiduha, gugu la mtama, kikachanua zambarau katikati yake, kikinyonya mizizi.

Nilikuuliza kwa nini tunateseka na miiba. "Zizi linahama, mayu." Basi, ukarudi kupima hatua zako. Kaka zangu uliwapeleka machungani, ukawaonyesha nyasi anazotafuta ng'ombe mgonjwa na mahali anapolamba udongo wa chumvi. Mimi uliniita mayu, mama, ukanirudisha jikoni.

Jiko hilohilo ndilo lililonitoa. Miaka tisa nimewapikia wachimbaji wali na maharage kule Geita, nikarudi na ng'ombe kumi na wanne, wangu mwenyewe. Nikajenga zizi la matofali. Ulilizunguka polepole, ukigonga ukuta kwa fimbo.

"Hili litahama vipi?"

"Halihami, Baba. Ndiyo maana nimejenga."

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Haya, mama mwenye geti!"

Ungeniambia palepale. Ulicheka tu, na mwaka haukuisha tukakuzika.

Ekari zangu tatu zilinipa magunia kumi na tisa ya mtama, kisha kumi na mawili, kisha saba. Msimu huu manne. Nina watu sita wa kulisha. Kiduha kimefika karibu na mlango, huku ndani ya ukuta samadi inanifika magotini. Nilisomba mikokoteni thelathini kwenda shambani, lakini mkojo hausombeki, na nusu ya rutuba imo humo.

Ndipo nilipokaa juu ya ndoo nikaipiga hesabu yako. Ng'ombe wanachunga kilomita nne kutoka hapa. Wanakula maganda ya migunga, miti ambayo mizizi yake inachota chini ambako mtama haufiki. Jioni wanarudi na vyote hivyo tumboni, wanavimwaga wanapolala. Kazi ya kubeba ilikuwa yao. Yako ilikuwa kuchagua pa kuwalaza. Kiduha nacho hushamiri pale udongo unapochoka. Mimi niliwalaza ng'ombe mahali pamoja miaka minne, shamba likafa njaa hatua ishirini kutoka hapo.

Jana nilibomoa ukuta wa mashariki. Nilikata miiba na binti yangu Kabula, nikamweleza yote, la mizizi, la mkojo, la kiduha, hadi akasema, "Mama, nimeelewa. Tukate basi, jua linazama!"

Ng'ombe wamelala kwenye ekari ya kwanza. Sijui tu walale hapo misimu mingapi. Nimewauliza kaka zangu watatu, nimepata majibu matatu. Wewe ulijua, ukaondoka nalo.

Nitaanza na miwili, nihesabu mwenyewe.

Pumzika, Baba. Nimekukasirikia, na nimekukumbuka mno.

Ni mimi, binti yako wa nne.