Nimekuwa Kaka wa Bibi Harusi kwa Sababu ya Chumba

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kabla hujaendelea kusoma nakuomba usinicheke, maana wenzangu wawili ninaokaa nao wameshacheka vya kutosha.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mwanza, chuo chenyewe bado kipya na mabweni hayatoshi, na muhula ulipoanza majina yetu hayakuwamo kwenye orodha, mimi na Luhende wa Magu na Jonathan wa Ukerewe, basi tukaanza kuzunguka kutafuta nyumba ya kupanga pamoja, na kila mlango tuliobisha tulitazamwa kuanzia viatuni tukaulizwa wake zetu wako wapi, kwa sababu wenye nyumba wanasema wanafunzi wa kiume ni kelele za redio, wasichana, na bomba kuachwa linatiririka. Ilemela tulikataliwa, Kiseke tukapata nyumba isiyo na milango, mwisho dalali mmoja anaitwa Shimba akatuambia kuna mama mjane Kirumba, anauza dagaa pale Mwaloni, ana vyumba viwili vya uani vimekaa tupu, lakini hapangishi vijana labda wawe wa kwao, na kwao ni kwa Wajaluo wa Shirati, ukoo wa marehemu mumewe, mzee Odongo.

Mimi ni Mjaluo kweli, mshauri, ila baba yangu ni wa ukoo mwingine kabisa na nimekulia Shinyanga alikokuwa akifanya kazi. Tulipofika, mama akaniuliza kwa Kijaluo mimi ni wa akina nani, na Luhende yuko nyuma yangu ananikanyaga kisigino, nikajikuta nimesema kwamba babu yangu na baba yake mzee Odongo walizaliwa tumbo moja. Mama akanitazama kidogo, akasema, “Basi karibu nyumbani, mwanangu. Na hawa Wasukuma wako waingie.” Jonathan ni Mkerewe lakini siku hiyo hakumsahihisha mtu.

Tangu hapo tunaishi vizuri mno, Jumapili tunakula sato mezani kwake, sisi tunamchotea maji na tumemzibia paa, ananiita mwanangu mbele ya majirani nami naitika. Sasa binti yake Amondi, anayefanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki, amepata mchumba, Masalu, fundi wa hapo hapo kiwandani, naye ni Msukuma, na watu wake wanakuja mwisho wa mwezi kuzungumza mahari, na wazee wa ukoo wanatoka Shirati kuwapokea. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo mama ametangaza kwamba mimi ndiye nitakayekaa na wazee kama kaka wa bibi harusi, na katika ng'ombe watakaotolewa kuna mtamba mmoja wangu, wa kunisaidia nami nioe. Zamani nafasi hiyo ilikuwa ya Okwach, mtoto wa mdogo wake marehemu, ambaye ni mvuvi huko Shirati, lakini mama amemtumia salamu asijisumbue na safari, kaka wa chuo yupo.

Luhende, Msukuma mwenzake Masalu, ananiambia, “Kaa tu, shemeji, wazee wakisema wewe tikisa kichwa. Ila msitumalizie zizi.” Jonathan anasema tuhame kabla wazee hawajafika. Mimi nikifikiria wazee wataniuliza babu yangu alizikwa wapi, naona Jonathan ana haki, na nikifikiria kusema ukweli naona magodoro yetu matatu yako barabarani na mitihani imekaribia. Je, mama atatufukuza? Nifanye nini?

Kaka wa Kupanga, Kirumba

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, kijana. Mimi sikucheka, ingawa mchapaji wetu alilazimika kuweka kikombe cha chai chini kwanza.

Nianze na linalokutetea. Kutafuta nyumba ukiwa kijana, mwanafunzi na hujaoa, katika mji huu ni kazi ngumu, na chuo kinachopokea watu wengi kuliko vitanda kina lake la kujibu. Umekuwa pia mpangaji mwema. Paa mmeziba, maji mnachota. Nimeyaona hayo.

Lakini usiniambie ulijikuta umesema. Ulijikuta siku ile mlangoni. Jumapili zote zilizofuata ulikuwa na akili zako timamu na samaki mkononi.

Unaniuliza kama mtafukuzwa. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapouliza Amondi atapata hasara gani, sikupaona. Kwa hiyo nilikwenda kuuliza mimi. Jirani yangu Mama Akelo ni Mjaluo wa Rorya na ameozesha mabinti zake wote. Nilimuuliza kaka anayekaa na wazee siku ya mahari anafanya kazi gani, nikidhani atanieleza habari za ng'ombe. Alinijibu hivi: “Siku hiyo hana kazi. Kazi yake ni siku mume atakapomkosea dada yake. Huyo ndiye atakayeendewa.”

Umeelewa? Masalu huenda ni mtu mwema, lakini hata watu wema hugombana na wake zao. Siku hiyo Amondi atamtafuta kaka yake, na kaka yake atakuwa amehitimu, amehamia Dodoma, na sanduku la posta amebadilisha. Okwach, ambaye angemfungulia mlango, aliambiwa asijisumbue. Na mtamba unayetaka kumchukua ni wake. Chumba ulikiomba kwa uongo, hilo linasameheka. Huyu ng'ombe ukimpokea, umeiba.

Kwa hiyo utasema, na utasema wiki hii, kabla wazee hawajapanda gari. Usikimbie kama anavyotaka Jonathan, maana mama atabaki na kiti kitupu mbele ya wakwe. Usimwandikie barua, umeshaandika moja, inatosha. Wala usimtume Luhende, atachekesha. Msubiri mama arudi kutoka Mwaloni, aoge, ale, ndipo uende peke yako. Mtajie jina la baba yako na ukoo wako, umwambie ulidanganya kwa sababu ya chumba. Hapo nyamaza. Aliyekukanyaga kisigino usimtaje. Mguu ulikanyagwa, lakini mdomo ulikuwa wako.

Atakasirika, na ana haki. Akishamaliza kusema, mwombe ruhusa ya kutuma mtu Shirati akamwite Okwach, na nauli mchange ninyi watatu, kwa kuwa samaki mlikula watatu. Kuhusu nyumba, ombeni mkae hadi mwisho wa mitihani kama wapangaji wengine, kwa masharti ya wapangaji. Akikataa, shukuruni, fungeni magodoro, mkamtafute tena dalali. Kufanya mtihani ukitokea kwenye nyumba isiyo na milango kunawezekana. Wengi wamefanya.

Sikuahidi kwamba atakusamehe. Nakuahidi tu kwamba akiusikia ukweli kwako ni afadhali kuliko akiusikia kwa wazee, mbele ya wageni.

Na ikitokea akakusamehe, akawaruhusu muwepo siku hiyo, shughuli ina kazi nyingi za vijana wasio wa ukoo. Pasueni kuni, pangeni mabenchi, wapokeeni wageni mizigo. Wewe kaa uani, usisogelee wazee. Watakuona, na mmoja wao hatakosa kuuliza yule kijana mwenye bidii ni wa akina nani. Usijibu. Mwache mama aseme mwenyewe.