Mwalimu Anasema Hakuna Mamba

Wifi yangu Neema, za Makanyagio? Huku Mwese baridi inang'ata, ila maharage ni matamu.

Tunajifunza kuendesha kayaki, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, kwenye maji ya kasi, tukipita katikati ya fito zilizoning'inizwa juu ya mto. Mwalimu anasema nikipinduka nitulie tu, kichwa chini majini, nijigeuze taratibu kwa kasia, kwani mamba hakuna. Lakini akina mama wa hapa wanachota maji wakiwa mbali na ukingo, ndoo wameifunga kwenye mti mrefu wa kuchotea. Nikawauliza kwa nini.

"Tumezoea tu," wakacheka.

Leo asubuhi nimemkuta mwalimu akichota maji ya kunawa uso. Na yeye ana mti wake.

Nibusie watoto. Waambie shangazi yao anaumwa tumbo mpaka mafunzo yaishe.

Edina